Daktari akisema "sugu", nani hapo ndo sugu?

Mama yangu mdogo analima viazi Isyonje, kule juu kwenye baridi kabla hujaanza kuteremka kwenda Tukuyu, na kama umewahi kushikana mkono na mtu anayeshika jembe kule unajua ninachosema, kiganja kigumu kama soli ya kiatu. Anaepua sufuria jikoni bila kitambaa. Chini ya kila kidole ana sugu, na ile ya chini ya kidole cha kati ina mpasuko mdogo ambao udongo mweusi umeingia na hautoki hata asugue na gunzi, akikupa kikombe cha chai unausikia ule ugumu ukigusa vidole vyako.

Mwaka juzi alienda kituo cha afya, kichwa kinamgonga wiki nzima, wakampima wakakuta presha iko juu, akapewa vidonge na nesi akamwambia kwa upole kabisa "mama, presha ni ugonjwa sugu, utakuwa unakuja kliniki kila mwezi". Akarudi nyumbani akameza kama mwezi hivi alafu akaacha. Nauli ya kliniki ilikuwepo, vidonge vilikuwepo kwenye mkebe juu ya kabati. Nilipoenda Desemba nikamuuliza mama mbona dawa umeacha, akanijibu bila wasiwasi wowote, "Mwanangu, si wamesema ni sugu? Kitu sugu dawa itakifanya nini?"

Hilo jibu limenikaa kichwani mpaka leo. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mbeya, hilo neno nalitumia kila mwaka na sikuwahi kuona lina mtego kiasi hiki, maana nesi hakumdanganya mtu na mama mdogo hajakosea Kiswahili. Nesi kasema neno la hospitali, yeye kasikia neno la kiganjani kwake.

Sasa tulifumue taratibu. Sugu inatokana na kusugua. Ngozi ikisuguliwa na mpini siku baada ya siku, seli za ngozi ya juu zinazaliana haraka kuliko kawaida, zinakufa zikiwa zimejaa protini ngumu inaitwa keratini, hiyo hiyo iliyoko kwenye kucha, zinalundikana tabaka juu ya tabaka mpaka pale panakuwa pagumu. Wazee wanaosali sana utawaona nayo kwenye paji la uso. Ukiitazama vizuri sugu ya mkono ina mambo mawili yameshikana, imechukua muda mrefu kujengeka, na ikishajengeka haisikii, moto wa sufuria hausikii, mwiba hausikii. Kutoka hapo neno likatembea likaenda kwa watu. Mdaiwa sugu ni yule deni lake lina miaka, mhalifu sugu kafungwa katoka karudia tena, mtoto akiambiwa amekuwa sugu maana yake hata umchape vipi ni kama hujamgusa. Na hapa Mbeya ukilitamka tu wengi wanamfikiria Joseph Mbilinyi, msanii aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 mpaka 2020, na jina lake hilo la kisanii nalo ukilisikia unaona mtu aliyekomaa. Mtaani zile maana mbili, ya muda na ya kutosikia, hazitusumbui kabisa kwa sababu kwenye kiganja kweli zinakaa pamoja.

Shida inaanza neno likiingia hospitali, maana kule wamezitenganisha zile maana mbili alafu zote wakaziacha na jina lile lile. Ukisikia kikohozi sugu, kidonda sugu, magonjwa sugu kama kisukari na presha na pumu, hapo wanazungumzia muda, ugonjwa unaokaa na mtu miezi na miaka, basi, hakuna aliyesema dawa imeshindwa. Ukisikia TB sugu au malaria sugu, hapo muda haumo, mtu anaweza kuwa ameanza kukohoa juzijuzi tu na akawa na TB sugu, kinachozungumziwa ni dawa za kawaida kutofanya kazi. Kwa Kiingereza ni maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya mwanzo, sisi tunalo moja, na mabango ya yote mawili unaweza kuyakuta yamebandikwa ukuta mmoja pale wagonjwa wanaposubiri kuitwa.

Alafu kuna hii inayokoroga zaidi. Madaktari wana kitu wanakiita presha sugu, na hiyo sio sawa na kusema presha ni ugonjwa sugu. Presha sugu ni ile inayobaki juu wakati mgonjwa anameza dawa za aina 3 tofauti kwa dozi inayotakiwa, mojawapo ikiwa ya kukojosha. Hao ni wachache kati ya wote wenye presha. Kwaiyo "presha ni ugonjwa sugu" ni kweli kwa karibu kila mwenye presha, ila "ana presha sugu" ni kweli kwa wachache tu, na maneno ni yale yale yamepangwa tofauti. Mtu aliyekuja na daladala asubuhi, kasubiri foleni masaa 4, kichwa kinamuuma, ataisikiaje hiyo tofauti?

Mimi nimekuja kuona swali linalosaidia hapo ni moja, nani ndo sugu? Mkono ni wangu, sugu ni yangu, hapo hakuna utata. Lakini ukienda duka la dawa ukakaa pale robo saa utasikia "nipe nyingine dada, hii mwili wangu umeshaizoea", yaani mtu anaamini mwili wake ndo umekuwa sugu, kama kiganja, umesuguliwa na dawa mpaka hausikii. Na jina tulilolizoea halisaidii, tunasema "usugu wa dawa", ukilichukua kama lilivyo ni kana kwamba dawa ndo sugu. Wizara ya Afya wana jina refu zaidi, Usugu wa Vimelea vya Magonjwa Dhidi ya Dawa, wanalifupisha UVIDA, watu wanalalamika refu mno, ila mimi nalipenda kwa sababu limejibu swali. Vimelea ndo sugu. Sio mwili wako, sio dawa.

Na hii sio kubishania maneno tu. Kama mwili wangu ndo ungekuwa sugu basi nikikatisha dozi najiumiza mwenyewe, nikifa nakufa na usugu wangu. Lakini kama mdudu ndo sugu, mdudu anatembea, anatoka kwangu anaenda kwa mwanangu, kwa abiria mwenzangu kwenye Coaster, kwa mtu ambaye hajawahi kukatisha dozi hata siku moja maishani. Sugu ya mkono haiambukizi. Hii inaambukiza.

Angalia TB. Dawa ya kwanza iliyoiweza ilikuwa streptomaisini, iligunduliwa 1943 Marekani, na Uingereza wakaifanyia jaribio lililokuja kuwa maarufu, matokeo yakatoka 1948. Wagonjwa 55 walipewa dawa, 52 walilazwa kupumzika tu kama ilivyokuwa desturi. Baada ya miezi 6 waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4, wasiopewa 14. Furaha kubwa. Ila ilipofika miaka 5 zaidi ya nusu ya wale waliopewa dawa nao walishafariki, maana bakteria waliobaki kwenye mapafu yao walikuwa hawasikii tena streptomaisini. Shida haikuwa kukatisha dozi pale, walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari, kosa lilikuwa kutumia dawa moja peke yake.

Kwanini dawa moja inashindwa, hapa ndo nawaambiaga wanafunzi wachukue kalamu. Bakteria wakizaliana wanakosea kosea kunakili vinasaba vyao, na kwa makadirio ya vitabuni karibu mmoja katika milioni 1 anazaliwa akiwa tayari hasikii dawa ya isoniazidi, na karibu mmoja katika milioni 100 hasikii rifampisini. Anazaliwa hivo, kabla hata dawa haijaingia mwilini, dawa haikumfundisha kitu. Pafu lenye tundu linaweza kubeba bakteria milioni 100 au zaidi, kwaiyo ukitoa dawa moja unawaua wote isipokuwa hao wachache, na sasa hao wachache wamebaki na shamba lote peke yao. Ukitoa mbili kwa pamoja unahitaji mdudu mmoja mwenye makosa yote mawili kwa mkupuo, ni mmoja katika trilioni 100, hayupo kwenye pafu la mtu. Ndo maana mgonjwa wa TB anaanza na dawa 4 kwa miezi 2 alafu 2 kwa miezi 4, na huo mpango wa miezi 6 sehemu kubwa ulithibitishwa na tafiti zilizoanza 1970 huku huku Afrika Mashariki, sio hadithi ya mbali.

Kwa hiyo TB sugu ile wanayoiogopa zaidi ni ya bakteria wasiosikia isoniazidi na rifampisini zote mbili. Na hapa neno linaumiza watu kwa namna nyingine, maana "sugu" mtaani ni tabia, ni ukaidi, mtu akisikika ana TB sugu majirani wanasema alikuwa mbishi hamezi dawa. Wengine ndiyo walikatisha. Wengine walivuta tu hewa aliyokohoa mtu mwenye bakteria hao, basi, ukaidi wake uko wapi? Na wengine wanasikia sugu wanajua haitibiki. Inatibika. Tanzania matibabu yake yalianza 2009 pale hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, enzi zile ilikuwa mwaka na nusu na kuendelea, na sindano zilizoacha baadhi ya watu hawasikii vizuri masikio, ila tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mpango wa vidonge tu wa miezi 6 kwa wagonjwa wengi. Hata kuigundua kumekuwa kwepesi, ile mashine ya GeneXpert inayosoma makohozi kwa kama masaa 2 na kusema kama rifampisini inasikika au haisikiki ilifanyiwa uhakiki hapa hapa Mbeya pia, kwenye kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa.

Sasa malaria, maana hii ndo inanifurahisha kuliko zote. Wa umri wangu wote tunaikumbuka klorokwini, ule uchungu wake na mwili kuwasha usiku kucha. Vimelea vikaacha kuisikia, 2001 nchi ikahamia dawa nyingine inaitwa SP, hiyo nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. (Na tusibweteke, Karagwe mkoani Kagera watafiti wameshakuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini iliyomo kwenye mseto.) Jirani zetu Malawi, hapo ukivuka mto Songwe tu pale Kasumulu, wao waliacha klorokwini mapema zaidi, 1993, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivo. Wakakaa bila kuitumia miaka 12. Mwaka 2005 watafiti Blantyre wakaijaribu upya, chini ya uangalizi, kwa watoto 80 wenye malaria, na kati ya 80 walipona 79.

Nikiisoma ile habari mara ya kwanza nilimfikiria mama mdogo. Kuna mwaka alivunjika mkono akakaa miezi bila kushika jembe, sugu zikalainika zikabanduka, aliporudi shambani siku ya kwanza tu akatoka malengelenge kama mtoto wa mjini. Ni kama vile, ila humo ndani kazi ni nyingine. Ngozi ya mama ni ile ile moja imebadilika. Vimelea vya Malawi havikulainika, kimelea kilichozaliwa sugu kinakufa sugu, kilichotokea ni kwamba kuwa sugu kuna gharama, vile visivyosikia klorokwini vinakua vibaya kidogo kama dawa haipo, na vile vya kawaida vilivyokuwa vimebaki vichache vikapata nafasi vikazaliana vikavijaza nafasi zote. Kwenye kiganja anabadilika mmoja, kwenye vimelea linabadilika kundi. Hapa ndo neno letu linapotudanganya kimya kimya, linatupa picha ya kitu kimoja kinachokomaa wakati ukweli ni hesabu ya nani kafa na nani kabaki.

Sasa usije ukaniambia mwili haukuwi sugu kabisa, unakuwa, ila kwa mambo mengine. Mlevi wa zamani anahitaji chupa nyingi zaidi kulewa, mgonjwa wa maumivu makali akitumia mofini muda mrefu anahitaji kuongezewa, hiyo ni mwili kuzoea na ni kweli. Na kisukari cha aina ya 2 ndo kinachekesha akili, seli za mwili zinaacha kuisikia insulini, wataalamu wanaita usugu wa insulini, hapo sugu ni wewe mwenyewe, na ugonjwa wenyewe ni ugonjwa sugu kwa maana ya muda, na bado dawa zake zinafanya kazi. Sugu mara mbili na inatibiwa!

Kwaiyo ile Desemba nikakaa na mama mdogo jikoni nikaanzia anapopajua. Nikamuuliza habari ya ukungu, ule ugonjwa wa viazi. Viazi vya Uporoto, milima ya huko kwao, na ukungu mtu wa kule hahitaji kuelezwa, mvua ikikaza siku tatu majani yanakuwa na mabaka, ukichelewa shamba lote linanuka. Ni kimelea kile kile kilicholeta njaa kubwa Ayalandi kuanzia 1845. Wakulima wanapiga dawa, na wengi wanapiga ile ile msimu baada ya msimu. Ulaya dawa ya metalaksili ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa kama muujiza, na kufikia 1980 wakulima wa Ayalandi na Uholanzi wakawa wanapiga na ukungu unaendelea. Mama mdogo akasema hiyo anaijua, kuna dawa zamani ilikuwa ukipiga mara moja umemaliza, sasa hivi ni kama umepiga maji. Nikamwambia inaweza kuwa dawa feki, inaweza kuwa mvua imeiosha, lakini inaweza pia kuwa ukungu wenyewe, waliokufa wamekufa, waliobaki ni wale wasioisikia na ndo waliozaa huu wa leo. Akaelewa mara moja, kwa haraka kuliko darasa langu lolote. "Kwaiyo kiazi hakijawa sugu. Ukungu ndo umekuwa sugu." Ndiyo mama.

Akakaa kimya, anamenya. Alafu akauliza swali ambalo mimi sikulitegemea. "Sasa kwenye presha yangu, ukungu uko wapi?"

Hayupo. Hapo ndo penyewe. Kwenye presha hakuna mdudu, hakuna anayezaliana, hakuna wa kubaki na kuzaa wasiosikia. Ni mishipa yake ya damu imekaza na moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi, kidonge kinailegeza kwa siku hiyo, kesho unahitaji kingine, ukiacha presha inarudi pale pale, na inarudi kwa sababu umeondoa kilichokuwa kinaishikilia chini, sio kwa sababu imeishinda dawa. Nesi aliposema sugu alimaanisha itakaa na wewe, hakumaanisha haisikii.

Aliinua macho akasema "Si wangesema hivo?" Na mimi naona ana haki kabisa. Maneno yapo. Ugonjwa wa kudumu, ugonjwa wa muda mrefu, mtu yeyote anaelewa. Hiyo nyingine waseme vimelea visivyosikia dawa, au usugu wa vimelea, wamtaje mwenye usugu. Watu wa umeme wao walishachukua ukinzani kwa ajili ya waya, na watu wa mbegu wanasema mbegu inayohimili ukungu, kwaiyo Kiswahili hakijaishiwa.

Kesho yake nilimpeleka kupimwa, ilikuwa 190 kwa 110, kwa namba hizo ni bahati hajapata kiharusi. Akaanzishiwa tena. Mwezi uliopita nilipita nikamkuta 134 kwa 84, kanionyesha mwenyewe kadi ya kliniki kabla hata sijauliza, akaniambia ndaga fijo mwanangu, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akanipa na debe la viazi. Kwenye ile kadi, pale palipoandikwa ugonjwa sugu, mjukuu wake wa darasa la tano kapiga mstari kwa penseli, na juu yake kaandika kwa herufi kubwa kubwa: WA KUDUMU.